Msiulize umri wa mtoto tu, ulizeni ufunguo uko kwa nani

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni hili: sheria iweke umri gani wa chini kwa mtoto kuendesha pikipiki ya magurudumu manne, yaani kwadi? Mkatupa majibu manne tuchague: miaka 12, miaka 14, miaka 16, au wazazi waachiwe waamue wenyewe. Kwa tabia yangu mimi ni mtu wa jibu la nne. Sipendi serikali inifuate hadi uani kwangu. Lakini hilo la "wazazi waachiwe" limenikera kiasi cha kunikalisha chini niandike, maana najua nyumba moja ambako mzazi hakuachiwa aamue chochote, na wala hapakuwa na sheria iliyomzuia.

Kwanza mnijue nimesimama wapi. Umri ni kipimo kibovu. Wapange watoto watano wa miaka 13 mstari mmoja: mmoja ndevu zinachungulia, mwingine unaweza kumbeba mgongoni na usichoke. Kwadi haina habari mtoto kazaliwa lini. Inachojua ni uzito wake na urefu wa mikono yake. Watu huiona ina magurudumu manne, haianguki ikisimama, wakadhani ni chombo kipole. Nyingi ekseli yake ya nyuma haina difu, ile gia inayoliruhusu gurudumu moja lizunguke haraka kuliko jingine kwenye kona, kwa hiyo magurudumu mawili ya nyuma yanazunguka sawasawa na chombo kinang'ang'ania kwenda moja kwa moja. Kukata kona lazima mwendeshaji ahamishe kiwiliwili. Akipanda mlima anaegemea mbele, akishuka anarudi nyuma, akipita ubavuni mwa kilima anajitupa upande wa juu. Kile kiti kirefu mnachodhani ni cha watu wawili kimefanywa kirefu ili mtu mmoja apate pa kusogea. Sasa chombo cha mtu mzima kinaweza kufika kilo 300. Mtoto wa kilo 40 ajitupe upande upi hata kimsikilize?

Na kukiondoa ni rahisi mno. Vingi vya kazi havina klachi ya kushika. Unabonyeza swichi, unasukuma kidude cha mafuta kwa dole gumba, umeondoka. Mtoto wa miaka minane anaweza.

Watengenezaji wanalijua hilo siku nyingi. Marekani mwaka 1988 serikali iliwabana mahakamani, wakakubali kuacha kuuza zile za magurudumu matatu, na kwamba chombo chenye injini inayozidi CC 90 kisiuzwe kwa ajili ya mtoto aliye chini ya miaka 16. Siku hizi vya watoto vimegawanywa: vya kuanzia miaka 6, vya kuanzia 10, vya kuanzia 12, na kila kundi lina kikomo chake cha mwendo. Basi nilikusudia kuwaandikia kwamba sheria ishughulike na saizi ya chombo, mengine waachiwe wenye watoto, kwaherini. Barua ingeishia hapo, kama isingekuwa jambo lililotokea shambani kwa mjomba wangu.

Ilikuwa likizo na nyumba imejaa ukoo. Mjomba alikuwa na kwadi kubwa ya kazi, nyekundu iliyopauka, keria mbele na nyuma, na ilifanya kila kitu pale: kupeleka waya wa uzio, kufuata ng'ombe, kubeba maji. Mjukuu wake, mtoto wa binamu yangu, alikuwa na miaka 13, na alikuwa fundi. Nasema kwa haki kabisa, aliendesha vizuri kuliko baba yake. Alijua kusimama juu ya vikanyagio akipita makorongo, alijua kupunguza mwendo kabla ya kona. Mjomba alikuwa akimtazama, kisha anatugeukia: "Huyo nimemfundisha mwenyewe."

Mama yake hakutaka. Najua kwa sababu alituambia sisi, jikoni, tukiosha vyombo. "Mimi moyo wangu haukitaki kile chombo. Lakini nitamwambia nani?" Mumewe alikuwa mbali kikazi. Ufunguo unatoka kwa baba mkwe, shamba la baba mkwe, chombo cha baba mkwe. Mkaza mjomba akamjibu bila kugeuka: "Mwambie babu yake." Tukacheka sote, hata yeye mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia mjomba jambo likamwingia.

Mchana mjomba akamtuma kijana apeleke maji kwenye hori la ndama, ng'ambo ya tuta la bwawa. Pipa la plastiki likafungwa keria ya nyuma kwa kamba za mpira. Halikujaa, lilikuwa nusu, na wanaobeba maji kwa chombo wanajua kuwa pipa la nusu lina visa kuliko lililojaa, kwani maji hukimbilia kulekule chombo kinakoinamia. Kabla hajaondoka, binti mdogo wa shangazi akaruka akakaa nyuma yake, kwenye ule mwisho wa kiti, mgongo unagusa pipa. Mjomba alimwona. Akamwambia, "Mshike sana kaka yako." Wakaenda.

Tuliokuwa barazani tuliwaona waziwazi. Njia ya siku zote inalizunguka lile tuta. Siku hiyo kijana alikuwa na mtazamaji mgongoni, akakata kupanda moja kwa moja. Nusu ya kwanza alipanda vizuri. Halafu magurudumu ya mbele yakaanza kuelea. Yaliinuka taratibu, bila papara, kama mzee anayenyanyuka kitini. Kijana akafanya ambalo yeyote mwenye hofu angelifanya, akakaza mikono kwenye usukani. Na ukikaza mkono kwenye usukani wa kwadi, dole gumba linasukuma mafuta. Tulisikia injini inapandisha sauti pale ilipotakiwa kuishusha. Chombo kikasimama wima, kikaanguka kinyumenyume, kikageuka ubavu.

Binti alirushwa nyasini, akainuka mwenyewe na kiatu kimoja. Pipa lilipasuka, maji yakawa yanateremka tuta na kutupita miguuni tukikimbia kupanda. Keria ya nyuma ilikuwa imejichimbia kwenye udongo ikaacha upenyo chini ya chombo, na ndani ya upenyo huo ndimo kilimokuwa kifua cha mtoto. Mguu wa kulia ulikuwa chini ya chuma. Injini bado inanguruma, petroli inadondoka kwenye mfuniko wa tangi, na kati yetu sote hakuna aliyejua inazimwa wapi. Mwenyewe akawa anatuelekeza, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ile nyekundu. Kushoto. Ile nyekundu." Mjomba, kijana wake wa kazi na mimi tukanyanyua. Haikunyanyuka. Wakaja wanawake wengine wawili, mmoja wao mama mtu, ndipo ikanyanyuka.

Mguu ulivunjika mahali pawili. Anayefuatilia ajali hizi atawaambia hiyo ni bahati. Wengi wanaokufa mashambani hukandamizwa kifua na chombo chenyewe wakakosa pumzi, pengine bila jeraha la kumtisha mtu. Australia walilitafakari hilo kwa miaka, na tangu Oktoba 2021 kwadi mpya za kazi haziruhusiwi kuuzwa huko bila kifaa cha kumkinga mwendeshaji chombo kikipinduka. Ya mjomba haikuwa nacho. Kilichomwokoa yule mtoto ni keria na udongo laini.

Kesho yake mjomba alikuwa anakiosha chombo. Kwenye madigadi ya mbele, chini ya tope lililokauka, ikatokea stika yenye maneno na picha: asiendeshe aliye chini ya miaka 16, na asipakiwe abiria. Nikamsomea. Akaendelea kumwaga maji. "Hayo kampuni inaandika ili isishtakiwe."

Na alikuwa na hoja, ndiyo shida. Nani kati yetu husoma maonyo ya kampuni akaona yanamhusu?

Nikiyapitia haya yote kwenye karatasi, naona jibu langu la mwanzo linapwaya. Kila nilichotaka kuwaambia kuwa kinatosha kilikuwepo siku ile. Mtoto alikuwa amefundishwa. Mtu mzima alikuwa anatazama. Onyo lilikuwa limebandikwa na mtengenezaji mwenyewe. Hata mzazi mwenye busara alikuwepo, ila busara yake yote ilibaki jikoni na vyombo. Kilichokosekana ni sentensi moja ambayo mkwe anaweza kumwambia baba mkwe bila kuonekana anamkosea adabu: "Baba, sheria hairuhusu, utapigwa faini." Mjomba hasikii la mtu, lakini faini anaiogopa. Namfahamu.

Kwa hiyo mnaponiuliza umri, najikuta nawajibu kuhusu watu wazima. Katika nyumba nyingi yupo mmoja anayeona hatari na mwingine mwenye ufunguo, na mara nyingi si mtu yuleyule. Mkisema wazazi waachiwe, mnamwachia mwenye ufunguo.

Je, sheria yenyewe hufanya kazi? Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilipandisha umri wa chini hadi miaka 14 mwaka 2010, baada ya mtoto wa miaka minane kufa. Watafiti walipolinganisha kumbukumbu za hospitali za kabla na baada, waliotibiwa dharura walikuwa wamepungua asilimia 33 kwa watoto wa hadi miaka 9, asilimia 50 kwa wa miaka 10 hadi 13, na asilimia 39 kwa wa miaka 14 hadi 17. Watazameni hao wa mwisho. Wao wanaruhusiwa kuendesha, kwa masharti, na bado walipungua. Naamini sheria ilipokuja watu walianza kuulizana maswali majumbani. Hata hivyo mauzo ya vyombo hivi yalishuka Marekani baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008, kwa hiyo sifa zote nisiipe sheria. Lakini katika nchi ambayo tangu 1982 imezika watoto zaidi ya 3,000 wa chini ya miaka 16 kwa ajili ya vyombo hivi, hata robo ya sifa si haba.

Ninaloliogopa ni sheria ya pupa, na mfano ni wa hukohuko. Mwaka 2008 walipitisha sheria ya kuondoa madini ya risasi katika bidhaa za watoto. Nia njema, walikuwa wanafikiria vitu ambavyo mtoto hutia mdomoni. Kumbe kwadi ndogo nazo ni bidhaa za watoto, na zina risasi kwenye betri na baadhi ya vyuma. Mwaka 2009 wauzaji wakaziondoa madukani. Zilizobaki ni za watu wazima, zilezile ambazo mtoto hawezi kuzimudu! Ilibidi wabunge wao wairekebishe mwaka 2011. Mtoto gani analamba betri ya kwadi?

Basi hukumu yangu, ingawa nimeanza kwa kusema umri ni kipimo kibovu, na bado nasema hivyo: miaka 16 kwa chombo kikubwa. Madaktari wa watoto wa Marekani wanataka 16 kwa vyote, vikubwa na vidogo. Mimi siendi mbali hivyo. Vidogo vya saizi ya mtoto viachwe, mtu mzima akiwa karibu, helmeti kichwani, na uwanja usiwe wa kilima. Najua patakuwa na kijana wa miaka 15, ana kilo 70, anafanya kazi ya shamba kuliko wajomba zake, na sheria hii itamwonea. Itamwonea mwaka mmoja.

Ila sheria inayoishia barabarani haitusaidii. Tuta la bwawa ni mali ya mtu, na ajali nyingi za watoto ziko huko, ambako askari hafiki. Adhabu imwangukie mwenye chombo, na ifike hadi shambani kwake. Hamtaweza kuweka askari kila zizi, nakubali. Lakini yule mama hakuhitaji askari.

Kwenye visanduku vyenu nihesabuni kwenye 16, na mkiwa na nafasi ongezeni kwamba hata huyo wa 16 asipakie mtu. Mjomba naye analisoma jarida hili, kwa hiyo msishangae mkipata barua ndefu kuliko hii wiki ijayo.