Mafao yako usiyafunge kwenye ahadi isiyo na tarehe

Watumishi wanaokaribia kustaafu hunipigia simu na swali moja: "Mzee, mafao yakitoka niyaweke wapi?" Baadhi yao niliwapokea kazini wakiwa hawajui kutofautisha mche wa mkorosho uliobebeshwa na ule wa mbegu. Leo wana mvi. Jibu langu ni refu kuliko salio la simu, ndiyo maana naliandika.

Nilikuwa bwana shamba. Nimezunguka Newala, Tandahimba na Masasi, huku Mtwara, kusini mwa Tanzania, karibu maisha yangu yote ya kazi, sasa naishi Mikindani na nina ekari zangu chache za mikorosho. Ninaloamini ni hili: pesa ya uzeeni usiipangie jambo ambalo halina tarehe wala karatasi. Kauli ya jukwaani haina tarehe, hata asemaye awe mkubwa wa namna gani. Sisemi viongozi wote ni waongo. Wengi wanaposema wanaamini wanachosema, ila wao hupita na wewe unabaki na ada za wajukuu.

Kusini tumeliona hili zaidi ya mara moja. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho kama tani 145,000. Ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa, mikorosho ikabaki kwenye mahame mbali na vijiji vipya, bila wa kupalilia. Ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia, bei anayolipwa mkulima ikawa haimvutii mtu kwenda porini kuokota, na kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yameanguka chini ya tani 20,000. Kichekesho ni kwamba miaka hiyohiyo viwanda vya kubangua vilikuwa vikijengwa kwa mkopo. Mashine zilifungwa, korosho ziko msituni. Wazee waliopanda miti ile kama akiba ya uzeeni waliishia kuisimulia tu.

Rukeni hadi msimu wa 2017/18. Mavuno yalipita tani 300,000, na minadani bei ilifika shilingi 4,000 kwa kilo. Watu waliezeka bati, vijana wakanunua pikipiki. Juni 2018 sheria ikabadilishwa: ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje, ambao asilimia 65 yake ilikuwa ikirudi kuendeleza zao, ukaelekezwa wote Hazina. Wabunge wa huku walipiga kelele sana bungeni, haikusaidia. Msimu ulipofunguliwa wanunuzi wakaja na bei za chini, wakulima wakakataa kuuza. Tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakaingia kubeba.

Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Bei ile ilikuwa nzuri kuliko za wanunuzi. Lakini bei ni jambo moja na siku ya kulipwa ni jambo jingine. Ukaanza uhakiki: shamba lako liko wapi, lina miti mingapi, wewe ni mkulima au ni mtu wa kangomba, yaani mlanguzi anayenunua korosho za wakulima kinyemela kwa bei ya chini? Wapo waliolipwa mapema, wapo waliosubiri miezi. Jirani yangu mmoja, mjane, stakabadhi yake aliikunja akaitia kwenye mfuko wa nailoni, mfuko akaufunga kwenye pindo la khanga. Januari ilipofika mjukuu anatakiwa sekondari, sare hana, godoro hana. Yule mama alikuwa na shilingi 3,300 kwa kila kilo kwenye karatasi, na mkononi hana nauli. Aliuza mbuzi wawili kwa bei ya kutupa. Hela ya korosho ilipokuja baadaye, haikuweza kuwarudisha wale mbuzi.

Gesi ndiyo iliyowachoma wastaafu wengi zaidi. Ile ya Mnazi Bay, hapa Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982 na ikakaa ardhini miaka mingi bila mtu kuipigia kelele. Kuanzia 2010 ikapatikana nyingine nyingi, ya bahari kuu, na Mtwara ikageuka. Viwanja vilipanda bei kila mwezi. Madalali walivaa tai. Mwisho wa 2012 na mwaka 2013 yakaja maandamano ya "gesi haitoki", ya kupinga isipelekwe Dar es Salaam kwa bomba, kukawa na vurugu, nyumba zikachomwa na watu wakapoteza maisha. Nayaheshimu maumivu ya siku zile, kwa hiyo sitayazungumza kwa wepesi. Bomba likajengwa hadi Dar es Salaam, likazinduliwa Oktoba 2015.

Katikati ya hayo wastaafu walikuwa wanajenga nyumba za wageni. Vyumba kumi, vyumba ishirini, kila kimoja na kiyoyozi, wakisubiri wageni wa makampuni. Mwaka 2014 bei ya mafuta ikaanguka duniani, makampuni yakapunguza watu na safari, wageni wakaondoka. Naijua nyumba moja ambayo mwenyewe, mstaafu wa elimu, anafugia kuku chumba namba 9. Namba ya shaba bado iko mlangoni. Kuku wanamlipa, nakiri, kuliko wageni walivyowahi kumlipa.

Sasa vijana wananiuliza viwanja vya Lindi, upande wa Likong'o, kwa ajili ya mradi mkubwa wa kusindika gesi. Makubaliano ya awali yalisainiwa Juni 2022. Mradi unaweza kuja, na ukija utaibadilisha Lindi. Mimi nauliza: tarehe ya kuanza ujenzi imeandikwa wapi, na imesainiwa na nani? Ukikosa jibu, basi kiwanja kile ni cha kununua kwa hela ambayo hata ikikaa miaka ishirini hutakosa dawa ya presha. Mafao siyo hela ya aina hiyo.

Hata mafao yenyewe yameonja siasa. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma iliunganishwa ikawa mmoja, PSSSF, na kanuni mpya zikataka mstaafu apewe mkupuo, yaani hela ya mara moja anapostaafu, wa asilimia 25, kinachobaki alipwe kidogo kidogo kila mwezi. Kelele zikawa kubwa, na tarehe 28 Desemba mwaka huohuo Rais akasitisha, akasema utaratibu wa zamani uendelee hadi 2023. Watu wakapanga maisha yao kwa kauli ile. Julai 2022 kikaanza kikokotoo kingine, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya mafao, cha asilimia 33. Bajeti ya 2024 ikakipandisha tena hadi 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wa asilimia 50, na 35 kwa waliokuwa wa 25.

Tufanye hesabu, maana kijiweni kila mtu anaongea kikokotoo na wachache wameshika kalamu. Mtumishi mwenye mshahara wa wastani wa milioni moja kwa mwezi, yaani milioni 12 kwa mwaka, amechangia miezi 360. Kwa kanuni ya zamani ya mfuko wangu, 360 gawanya kwa 540, zidisha kwa milioni 12, unapata pensheni ya mwaka ya milioni 8. Nusu yake inazidishwa kwa 15.5, ambayo ni miaka mstaafu anayokadiriwa kuishi: mkupuo milioni 62. Nusu iliyobaki inagawanywa kwa miezi 12, kila mwezi anapata shilingi 333,000 na ushee. Kwa kanuni mpya unagawanya kwa 580, na miaka inakuwa 12.5; pensheni ya mwaka inakuwa kama milioni 7.45. Asilimia 33 yake mara 12.5 ni mkupuo wa milioni 30.7, na kila mwezi kama 416,000. Kwa asilimia 40 mkupuo ni milioni 37.2 na kila mwezi 372,000.

Mimi nilitoka kabla ya Julai 2022. Mwenzangu tuliyekaa naye ofisi moja, daraja moja, alitoka baada ya hapo, na mkupuo wake ulikuwa nusu ya wangu. Yeye ana uchungu, na ninamwelewa. Lakini nitasema jambo ambalo wastaafu wenzangu hawalipendi: pensheni ya kila mwezi kuwa kubwa si hasara tupu. Mkupuo una wakwe, una marafiki, una mchungaji na shehe wenye jengo halijaisha. Ile ya mwezi haina ndugu wengi. Kibaya ni kubadilishiwa kanuni mtu akiwa amebakiza miaka miwili, akiwa tayari amemwaga msingi wa nyumba kwa hesabu ya zamani.

Kwa hiyo niyaweke wapi? Sehemu kubwa ya yangu iko kwenye hatifungani za Serikali, yaani hati za kuikopesha Serikali kwa riba. Najua inachekesha, mtu amekata tamaa na siasa halafu anaikopesha Serikali. Tofauti ni kwamba hatifungani ina tarehe. Riba inalipwa kila baada ya miezi sita, siku imeandikwa, na kiwango ulichonunulia hakibadiliki. Mwaka 2022 riba ya hatifungani mpya za miaka 20 ilishushwa kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10, lakini waliokuwa wamenunua za zamani waliendelea kupata 15.49 yao. Unaanzia shilingi milioni moja, benki yako inaweza kukusaidia kufungua akaunti, na Benki Kuu ina tawi hapahapa Mtwara. Usitishwe na miaka 20, ukibanwa unaweza kuiuza sokoni, ila ukiuza kwa haraka unaweza kupata pungufu ya ulichoweka. Na usisahau mfumuko wa bei: mwisho wa 2011 ulikaribia asilimia 20, na mwaka wa namna ile riba ya 12 ni kurudi nyuma. Ndiyo maana sikuweka yote.

Chagua miezi ya riba kwa kalenda ya huku. Korosho inaleta hela kuanzia Oktoba hadi Januari. Njaa ya mfukoni iko Machi na Aprili, wakati wa kifuku, majira ya mvua, na kuanzia Mei unahitaji hela ya kupalilia na baadaye kupulizia mikorosho dawa. Riba yangu moja huingia Machi. Mwezi huo sikopi kwa mtu.

Kukopa ndiko kunakotumaliza. Hapa mjini wapo wanaokukopesha laki mbili wakachukua kadi yako ya benki na namba yake ya siri. Pensheni ikiingia wanakwenda wao kwenye mashine, wanatoa, wanakurudishia kilichobaki, na mwezi unaofuata unakopa tena kwa sababu kilichobaki hakitoshi. Vijana wanaiita kausha damu. Nimemkuta mzee niliyefanya naye kazi amekaa kwenye ngazi ya benki tangu asubuhi, anamsubiri kijana wa umri wa mjukuu wake aje na kadi, ili apewe hela yake mwenyewe. Kama uko kwenye hali hiyo, nenda tawini kafunge kadi ile, uchukue mpya, deni ulilipe kwa maandishi mbele ya mtendaji wa mtaa. Aibu ni ya asubuhi moja. Na anayekupigia simu akisema ni wa mfuko wa pensheni na anataka "ada ya kuharakisha", kata simu, hakuna ada ya namna hiyo.

Siasa nimeiacha kwa maana ya kubishana barazani nani atashinda. Kura napiga. Nguvu zangu nyingine zote nazipeleka kwenye mkutano mkuu wa chama cha msingi cha ushirika, ambako wastaafu wengi hawaendi kwa sababu hakuna kofia wala fulana. Pale ndipo bei ya mnada inapokatwa kabla haijafika benki: ushuru wa halmashauri, wa chama cha msingi, wa chama kikuu, wa ghala, usafirishaji, na mengine ambayo jina lake hubadilika msimu hadi msimu. Chukua kato la shilingi 25 tu kwa kilo. Chama kikikusanya tani 800, hiyo ni milioni 20. Sisi wazee wachache tuliwahi kung'ang'ania mstari mmoja wa makato uelezwe, karani akapekua makabrasha hadi jua likageuka, na msimu uliofuata mstari ule haukuwepo. Hakuna mbunge aliyewahi kuniongezea shilingi kwa haraka namna ile.

Kwa hiyo kabla ya msimu kufunguliwa uliza tarehe ya mkutano wa chama chenu, omba karatasi ya makato siku chache kabla, uisome nyumbani na mwanao anayejua hesabu. Na uende na miwani, maana yale makabrasha yanachapwa kwa herufi ndogo mno.