Kucha nyeusi za mbwa: kata kidogo kidogo ukiangalia ncha

Dada, umesema mbwa wako ana kucha nyeusi tii, ulipomkata mara ya kwanza akatoka damu, na sasa hataki hata kuguswa mguu. Usikate tamaa, hilo linarekebishika. Damu ilitoka kwa sababu ulikata kipande kikubwa kwa mkupuo mmoja.

Ndani ya ukucha mna nyama yenye mishipa ya damu na neva. Ukucha ukiwa mweupe, nyama hiyo huonekana kwa nje, ya waridi. Ukiwa mweusi, itafute pale unapokata. Ondoa kipande chembamba, milimita 1 au 2, kisha itazame ncha. Mwanzoni utaona kitu kikavu cheupe, chenye kumeguka kama chaki. Endelea. Kikitokea kidoa cheusi chenye unyevu katikati, kimezungukwa na ule weupe, acha hapo hapo, nyama iko karibu sana. Geuza pia mguu uangalie ukucha kwa chini: ncha ina mfereji, na pale mfereji unapofungika ukucha ukawa mnene, nyama haiko mbali. Kata ile sehemu ya ncha yenye mfereji tu.

Kama kucha ni ndefu mno, usilazimishe ziwe fupi leo. Nyama nayo hurefuka na ukucha. Ukipunguza ncha kila wiki, hurudi nyuma polepole, na baada ya wiki kadhaa utaweza kukata zaidi bila damu. Ukisikia kucha zinagonga vigae akitembea, bado ni ndefu.

Nunua mkasi wa kucha za mbwa kwenye agroveti (duka la dawa za mifugo), ule wenye midomo iliyojipinda. Kikata kucha cha watu huuponda ukucha mnene na kuupasua. Makali yakiisha, badilisha: mkasi butu huminya kabla ya kukata, na mbwa huumia hata kama hakuna tone la damu. Mbwa wengi huanzia hapo kuukataa mkasi.

Huyo wako aliyeogopa, siku 3 au 4 za kwanza usikate chochote. Shika mguu, mpe kipande cha maini ya kuchemsha, achilia. Kesho yake mguse kwa mkasi, maini tena. Halafu ukucha mmoja, basi. Baadaye mguu mmoja kwa siku unatosha kabisa. Tafadhali msimkandamize chini watu watatu, atakumbuka. Akiuma kweli, daktari wa mifugo ana dawa ya kumtuliza. Za watu usimpe.

Weka kornflawa karibu kabla hujaanza. Damu ikitoka, chovya ukucha humo ubonyeze dakika 5 bila kuinua kuchungulia. Unga wa ugali hauna ulaini huo. Spiriti itamchoma tu. Nusu saa ikipita damu bado inatoka, mpeleke kliniki.

Mbwa anayezunguka kwenye kabro, yale matofali ya sakafu ya uani, usiku kucha husaga kucha zake mwenyewe, ila ule ukucha wa kando, wa juu ya mguu, haugusi chini. Huo hujikunja hadi ukaingia kwenye nyama. Uangalie kila wiki 3.

Mvua zikianza, kwa walio Syokimau au Embakasi, huko upande wa Nairobi, udongo mweusi huganda katikati ya vidole. Usiuvute ukiwa mkavu, utang'oa manyoya. Loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu, kausha hadi katikati ya vidole, na manyoya yaliyozidi yapunguze kwa mkasi wa ncha butu yalingane na nyayo. Hapo ndipo kupe nao hujificha.

Kiangazi, ukimwona analamba mguu mmoja sana, tafuta kidoa cheusi chenye duara jeupe kwenye nyayo au kando ya ukucha. Ni funza. Usichokonoe kwa mwiba wala kupaka mafuta ya taa. Daktari wa mifugo atamtoa kwa kifaa safi, nawe safisha alipolala, maana funza hutoka kwenye vumbi hilo hilo.