Taya la plastiki ni la nini?

SWALI: Mdogo wangu ana uvimbe wa ameloblastoma kwenye taya la chini. Amekwisha kupigwa CT skani, lakini daktari wa upasuaji wa kinywa na uso ameagiza irudiwe ili litengenezwe taya la plastiki linalofanana na lake. Picha za kwanza zina kasoro gani? Na je, hilo ndilo taya atakalowekewa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Nianze na hilo la pili: taya hilo haliwekwi mwilini. Ni la kupangia kazi. Daktari hulitumia kukunja bamba la titani, yaani kipande cha chuma kitakachoshikilia taya, siku kadhaa kabla ya upasuaji, kwa utulivu, badala ya kulikunja na kulikunjua huku mgonjwa amelala kwa nusukaputi. Na bamba lililokunjwa mara nyingi hudhoofika. Pengo linaloachwa na mfupa uliokatwa likiwa kubwa, huzibwa kwa mfupa mwembamba wa mguuni, ulio kando ya muundi, na hapo mfano huo wa taya huonyesha mfupa huo ukatwe wapi ili ufuate mzingo wa taya. Kuna ugumu mmoja ambao wengi hawaufikirii: uvimbe huu hutanua mfupa, hivyo bamba likikunjwa kwa kufuata mfupa uliovimba, uso utabaki umevimba. Kwa hiyo fundi hugeuza kwenye kompyuta umbo la upande usio na uvimbe, kama kwenye kioo, kisha huchapa taya la umbo hilo kwa printa ya 3D.

Picha za kwanza huenda zinatosha kabisa kuutambua ugonjwa. Hata hivyo, CT huugawa mwili kwa slesi, kama mkate, na slesi za milimita 5 humwachia mwenye kompyuta kazi ya kukisia kilichomo katikati, mfano ukatoka na vidaraja kama vya ngazi na mfupa mwembamba ukatoboka mahali ambapo kwa kweli ni mzima. Kinachohitajika ni slesi za milimita 1 au pungufu. Kabla ya kukubali mionzi ya pili, ulizeni kama kituo bado kina data ghafi ya kipimo kile, kwa kuwa slesi nyembamba mara nyingine huweza kutolewa humo, ilimradi kipimo si cha zamani, maana uvimbe hukua. Filamu mliyopewa mkononi haifai kwa kazi hii. Ombeni faili za DICOM, yaani picha zenyewe za kipimo katika mfumo wa kompyuta, kwenye CD.

Kama ana meno yaliyozibwa kwa madini, aseme mapema. Madini huacha michirizi kwenye picha, na daktari atahitaji pia chapa ya meno iliyochukuliwa kinywani.