Kabla hujafungua hospitali ndogo, hesabu kwanza miezi ambayo hutalipwa

Nimefanya uhasibu kwa hospitali za watu binafsi hapa Nakuru kwa miaka mingi na kila wakati kuna nesi ama afisa wa kliniki ananipigia, amepata jengo Kiamunyi ama Free Area, anataka nimsaidie na karatasi za leseni. Karatasi tutajaza, hiyo haina shida. Mimi nataka tuongee pesa kwanza, juu hapo ndo hospitali nyingi hufia na hakuna mtu wa serikali atakuja kukuuliza mapema.

Wakaguzi wakija wataangalia vitanda na nafasi iliyo katikati, maji, mtungi wa oksijeni, leseni ya kila nesi, famasi kama imesajiliwa na Bodi ya Famasi na Sumu, sindano zilizotumika zinaenda wapi. Na wako sawa kabisa, hayo ni maisha ya watu. Lakini ukaguzi wote ambao nimeketi ndani sijawahi kusikia swali hili: mshahara wa mwezi ujao uko wapi? Benki hubanwa na Benki Kuu iwe na mtaji wa kutosha, kampuni za bima zinabanwa na IRA, mamlaka ya kusimamia bima, vivyo hivyo, hospitali inayolaza binadamu hakuna anayeiitisha akiba. Kwa maoni yangu hiyo ni shimo kubwa kwa sheria zetu, na mpaka lizibwe, mkaguzi wa pesa zako ni wewe mwenyewe.

NHIF, ile bima ya afya ya serikali ya zamani, ilipofungwa na SHA iliyochukua nafasi yake kuanza Oktoba 2024, hospitali zilikuwa zinaidai NHIF kama shilingi bilioni 30. Machi 2025 rais Ruto akatangaza kwamba wanaodai chini ya milioni 10 watalipwa yote na wanaodai zaidi wahakikiwe kwanza. Sasa chukua hospitali ya vitanda ishirini inayodai milioni sita. Kwa hesabu za taifa hiyo ni hela kidogo, kwa huyo mwenye hospitali ni mishahara, kodi ya nyumba na deni la saplaya wa dawa, miezi na miezi.

Wacha nikuonyeshe vile pesa hutoka. Mama analetwa saa nane usiku kutoka Njoro, mtoto amekaa vibaya, lazima apasuliwe. Unaita daktari wa upasuaji na wa ganzi, hao wote hulipwa na M-Pesa kabla jua halijachomoza, stima imepotea kwa hivyo jenereta inakunywa dizeli, kuna nyuzi, glavu, dawa, pengine damu, na shuka za kufuliwa asubuhi. Tarifa ya SHA ni 30,000 kwa upasuaji wa kuzaa na 10,000 kwa kuzaa kawaida, so kwa karatasi uko sawa. Lakini zako zimetoka usiku huo huo, na hizo 30,000 ni klemu tu, yaani dai la malipo, kwa kompyuta. Halafu daktari akisahau kusaini ripoti ya kumtoa mgonjwa, klemu inarudi na unaanza kupanga foleni upya. Ndo maana nasema, kabla hujaandika mtu wa pili wa mapokezi, andika mtu wa klemu, mwenye macho makali, na faili isitoke wadi kama hajaipitia.

Ushauri mwingine, usikimbilie daraja la level 4 juu ya tarifa yake. Level hiyo inakuja na thieta, chumba cha upasuaji, na watu wa kuisimamia usiku na mchana, na hao wote wanakula hata kama wadi iko tupu. Mwaka 2025 KMPDC, baraza linalopea hospitali leseni, ilifunga vituo vingi na vingine ikavishusha daraja. Ukishushwa, ruhusa ya huduma zingine inaenda na malipo yake yanaenda, ila mkopo wa benki unabaki pale pale. Anza level ambayo unaweza kuilisha.

Weka vitabu viwili, kimoja cha pesa iliyo benki na kingine cha pesa iliyoahidiwa, na usiwahi kulipa mshahara kwa akili ya kitabu cha pili. Kitu kinachookoa hospitali ndogo ni wagonjwa wa kuingia na kutoka, wale wanalipa kwa tili mia tano, elfu moja, vipimo vya maabara, kliniki ya presha na sukari. Hizo hela ndogo ndizo hununua oksijeni wakati klemu zimekwama. Nimeona wadi nzuri sana zikijengwa na kaunta ya hao watu ikisongwa kwa kona, na inaniuma.

Kuna kitu watu hawakihesabu kabisa: tarehe 9. Kila tarehe 9 lazima PAYE (kodi ya mshahara) iende, NSSF (ya uzeeni) iende, SHIF (ya bima ya afya) asilimia 2.75 ya mshahara wa kila mfanyakazi iende, ushuru wa nyumba asilimia 1.5 yao na 1.5 yako. Haijalishi wewe unadai nani.

Na pesa zikikauka tafadhali usimfungie mgonjwa wadini juu ya bili, mahakama zetu zimesema si mara moja kwamba ni makosa. Vilevile Katiba kifungu cha 43 inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, kwa hivyo yule wa ajali ya boda atatibiwa hata akiwa hana kitu. Hiyo gharama iweke kwa bajeti toka mwanzo, sio uikasirikie ikifika mlangoni.

Saplaya naye mpigie kabla hajakupigia. Ukimwambia mapema kwamba utachelewa wiki mbili atakupa dawa, ukijificha atakukatia.

La mwisho, leseni huisha Desemba 31 na Januari huwa na karo za watoto wa wafanyakazi wako wote, watakuja ofisini wakiomba advansi. Pesa ya leseni anza kuitenga Julai, kidogo kidogo, kwa akaunti ambayo hata wewe huigusi kwa simu.