Kabla ya kupokea hela ya kampuni kwenye mradi wa chanzo huria

Mradi wa chanzo huria, yaani wa programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, ukipata mfadhili, watu huuliza kwanza atatoa kiasi gani. Ugomvi kati ya kampuni na wanaojitolea mara nyingi hutokea kwingine: nani ana hakimiliki, nani anamiliki jina, nani ana funguo za kutoa matoleo mapya. Andikianeni hayo kabla senti ya kwanza haijaingia. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Chunguzeni sana mkataba wa mchangiaji. Kampuni nyingi humtaka kila anayeleta msimbo aipe haki ya kuutoa baadaye chini ya leseni nyingine, na hapo ndipo penye hatari. Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp iliihamisha programu yake ya Terraform kutoka leseni huria ya MPL 2.0 kwenda BSL, inayowekea mipaka matumizi ya kibiashara. Wachangiaji walikuwa wameshasaini, hivyo hakukuwa na haja ya kumwomba mtu ruhusa. Ila kukataa mkataba hakutoshi kama leseni yenyewe imelegea. Hifadhidata ya Redis ilikuwa chini ya leseni ya BSD, ambayo haimzuii mtu kufunga matoleo yajayo, na Machi 2024 ikahamishiwa leseni zenye vikwazo zaidi. Kinga tunayoiamini ni mambo mawili kwa pamoja: leseni ya jamii ya GPL, inayotaka msimbo ubaki huria hata ukibadilishwa, na hakimiliki inayobaki kwa kila mwandishi. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, iko hivyo, na hakuna kampuni inayoweza kuibadilishia leseni peke yake.

Badala ya mkataba, tumieni tamko la asili ya mchango (DCO), ambamo mchangiaji anathibitisha kuwa ana haki ya kuutoa msimbo wake; Linux ililianzisha mwaka 2004. Kwenye Git, zana ya kutunza mabadiliko ya msimbo, mchangiaji anaandika `git commit -s`, na chini ya ujumbe wake unatokea mstari wa Signed-off-by wenye jina na barua pepe. Kinachokwamisha mara nyingi ni hiyo barua pepe: ikitofautiana na ya mwandishi wa komiti (badiliko lililohifadhiwa), kikaguzi cha mradi kinaikataa komiti hiyo. Aliyesahau kwenye komiti tatu za mwisho atumie `git rebase --signoff HEAD~3`, kisha asukume upya kwa `--force-with-lease`. Mwajiriwa asome kwanza mkataba wake wa kazi, maana huenda haki ya alichoandika ni ya mwajiri.

Jina nalo. Mwaka 2010 wanaojitolea wa OpenOffice.org, programu ya kazi za ofisi, walipoachana na Oracle, kampuni iliyoimiliki, msimbo waliondoka nao, jina likabaki. Ndipo ikazaliwa LibreOffice. Sajilini jina na domeni kwa shirika lisilo la faida, kama Software Freedom Conservancy.

Funguo za kutoa matoleo zikae kwa watu watatu wenye waajiri tofauti. Kwenye kamati, igeni mradi wa hifadhidata wa PostgreSQL: wafanyakazi wa kampuni moja hawazidi nusu ya kundi kuu. Kampuni ya EDB ilipoinunua kampuni ya 2ndQuadrant mwaka 2020, watatu kati ya watano wa kundi hilo wakajikuta chini ya mwajiri mmoja, wakaongezwa wawili kutoka kwingine.

Linalowavunja watu moyo zaidi ni muda. Mfanyakazi wa kampuni yuko kwenye mradi mchana kutwa. Anayejitolea anafungua kompyuta saa nne usiku, watoto wakishalala. Jambo likiamuliwa ofisini, yeye anakuta limeshapita. Shirika la programu huria la Apache huacha kura ya toleo wazi kwa saa zisizopungua 72, nasi tunashauri muda huohuo kwa kila badiliko kubwa, hoja zikiandikwa hadharani. Lililoamuliwa kwenye kikao cha kampuni lirudishwe lijadiliwe upya, hata kama msimbo wake umeshakamilika.