Kwa mnaoanza kazi za haiwei Marekani: jueni nani anasaini nini

Wadogo zangu mnaoingia idara za barabara za majimbo huku Marekani, kuna kitu kinawachanganya wengi hasa mliotoka nyumbani mkiwa mmezoea kwamba TANROADS au KeNHA ndo mwenye barabara basi. Huku haiwei, hata zile za Interstate, yaani mtandao wa barabara kuu zinazounganisha majimbo, zinamilikiwa na majimbo, jimbo ndo linachora, linatangaza tenda na kusimamia saiti. FHWA, yaani idara ya barabara kuu ya serikali ya shirikisho, haileti greda wala fundi, inaleta hela. Kwa Interstate kwa kawaida inatoa asilimia 90 ya gharama, barabara zingine nyingi 80, kwa hiyo sauti inayo.

Na hela yenyewe haitangulii. Jimbo linamlipa kontrakta halafu linadai kurudishiwa, na kazi iliyofanyika kabla FHWA haijaidhinisha kwa kawaida hairudishwi, ndo maana bosi wako anakuwa mkali kwenye makaratasi. Chukulia lori limeleta nondo saiti, usiishie kupima kipenyo, dai cheti cha kiwandani kinachoonesha chuma kimetengenezwa Marekani kuanzia kuyeyushwa mpaka kupakwa, maana kanuni ya Buy America inataka hivyo, kisha linganisha namba ya kwenye cheti na ya kwenye lebo ya furushi, zote, kabla zege halijamwagwa. Ikishafunikwa utathibitisha na nini? Msamaha upo ila mdogo, chuma cha nje kisizidi dola 2,500 au asilimia 0.1 ya mkataba, ile iliyo kubwa.

Halafu kila jimbo lina ofisi ya FHWA, na kati yao kuna mkataba wa usimamizi unaosema kipi jimbo linaidhinisha lenyewe na kipi lazima kiende kwao. Usome wiki ya kwanza. Nasikia watu kila siku wanalaumu FHWA kwa kuchelewesha wakati faili liko mezani kwetu, au limepelekwa likiwa limekamilika ndo wenyewe wanaliona mara ya kwanza, lazima warudishe na maswali. Waite mapema, hata kwa simu tu.

Kwenye tathmini ya mazingira inayotakiwa na sheria ya NEPA, majimbo kama California tangu 2007 na Texas tangu 2014 yalichukua kazi ya FHWA, yanasaini yenyewe. Inapunguza safari za faili, ila jimbo likishtakiwa linajibu lenyewe mahakama ya shirikisho, si mteremko.

Mkitaka kuona haraka ya kweli angalieni daraja la I-35W Minneapolis. Lilianguka Agosti 1, 2007, wakafa watu 13, na jipya likafunguliwa Septemba 18, 2008, zaidi ya miezi 3 kabla ya tarehe ya mkataba. Mazingira hawakuyaruka, daraja lilikuwa linarudi palepale kwa hiyo likaingia kundi jepesi la tathmini, kontrakta akapewa kuchora na kujenga kwa pamoja, na bonasi ya kuwahi ilikuwepo.

Kingine, mwaka wa fedha unaisha Septemba 30, na kila Agosti FHWA hugawa upya kibali cha kutumia hela za shirikisho ambacho majimbo mengine hayatakimaliza, wanapewa wenye miradi iliyo tayari. Kwa hiyo Julai ofisi nzima inakimbizana na michoro. Likizo ombeni Oktoba.