Kaoga, kanywa kahawa, kashika usukani

SWALI: Asalaam alaykum dada. Mume wangu anaendesha gari ya abiria ya kwenda shamba. Kuna siku akishapeleka hesabu kwa tajiri wake anakaa na wenzake kuanzia saa tatu usiku mpaka saa saba, bia tano hivi za chupa kubwa, halafu saa kumi na moja alfajiri yuko barabarani na abiria. Nikimwambia leo pumzika anasema kishaoga maji baridi na kahawa chungu kanywa, pombe imeshakata. Juzi kazunguka nyumba nzima anatafuta funguo na funguo kaishika mkononi! Mama mkwe anasema niache maneno, mwanawe kachoka tu. Kweli mie ndo mwenye makosa?
Mama Watoto, Mahonda

JIBU: Waalaykum salaam bibie, wala huna kosa. Kahawa inamfumbua macho tu na maji baridi yanamtia baridi, pombe yenyewe imo kwenye damu na inaondolewa na ini, na ini halina haraka hata umnyweshe birika zima. Tupige hesabu ya kienyeji: chupa ya nusu lita inataka masaa mawili na mara nyingi zaidi, sasa chupa tano ni masaa kumi, kaanza saa tatu usiku kwa hiyo kwa uchache mpaka saa moja asubuhi ndo inamalizika, na yeye saa kumi na moja anapakia watu. Tena kalala masaa matatu kama si mawili, na kukosa usingizi nako kunalewesha.

Hiyo ya funguo ndo ya kuiangalia. Mtu anayepotewa na kitu alichokishika atamuona saa ngapi mtoto wa skuli anayevuka barabara au ng'ombe katoka kichakani? Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango cha pombe kwenye damu kisizidi asilimia 0.05 kwa dereva wa kawaida, na nchi nyingi kwa wanaobeba abiria wanataka sifuri kabisa. Na usidhani ni aibu yetu peke yetu, Marekani wenye vipimo na mahakama zao mwaka 2022 walikufa watu 13,524 kwenye ajali za madereva walolewa, karibu theluthi ya vifo vyote vya barabarani mwaka ule. Sisi huku tatizo letu jengine, mtu akinywa tunamfichia, "kachoka", "kapigwa na jua", jina la familia lisichafuke, na abiria wanapanda hawajui kitu.

Usizungumze nae kalewa wala asubuhi ana haraka. Ngoja siku hana kitu kichwani, mpigie hiyo hesabu ya masaa, mwambie usiku akinywa basi zamu ya alfajiri ampe dereva mwengine (dei waka, madereva wa kushikilia kwa siku, hawakosekani). Hasikii? Mtafute mtu anayemheshimu, na mama mkwe msimulie ile ya funguo.

SWALI: Nilikuwa natumia unga (heroini), sasa niko kwenye methadoni, dawa ya kuachia unga, mwezi wa kwanza. Naweza kurudi kwenye bodaboda?
Kijana, Ng'ambo

JIBU: Hongera mdogo wangu, kwenda kliniki kila siku kunywa dawa mbele ya nesi si kazi ndogo. Methadoni imeanza kutolewa hapa Zanzibar hospitali ya Kidongo Chekundu tangu 2015 na wapo wengi wamerudi kazini kwao. Lakini wiki za mwanzo, na kila wanapokupandishia dozi, inasinzisha, hapo boda iache. Ukiruka dozi pia usipande, maana arosto (mwili kudai dawa) ikianza, miayo, makamasi na mikono inatetemeka utashikaje breki? Na pombe au vidonge vya usingizi usichanganye kabisa, pumzi inaweza kukata ukiwa umelala. Waambie kliniki wazi kazi yako ni boda, ukishatulia kwenye dozi moja wao ndo watakwambia lini.